Fen 4 na Usingizi wa Mpishi

Kwa miaka mingi youtiao moja mjini Shanghai iliuzwa fen 4 pamoja na kuponi ya nafaka ya nusu liang. Fen mia hufanya yuan moja, na nusu liang ni gramu 25. Kuponi hizo zilianza mwaka 1955 zikafutwa mwaka 1993, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mkazi wa mjini Uchina hakununua mchele, unga wala kitafunwa cha unga bila kuponi, hata fedha zikimjaa mfukoni. Miji mingi mingine haikujisumbua kuchapisha kuponi ndogo kiasi cha nusu liang. Shanghai ilichapisha, na watu wa mikoani wakawacheka wenyeji wake kwa ubahili. Wenyeji hawakujali. Kuponi ile ilikuwa kipimo halisi cha youtiao moja, nao bila youtiao waliona asubuhi haijafika.

Youtiao ni unga wa ngano uliokandwa kwa maji na chumvi, ukakatwa vipande virefu, ukakaangwa hadi ukafura. Urefu wake ni wa mkono kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mtu wa pwani akiiona atayakumbuka mahamri, na kweli hizi ni koo jirani, ila youtiao haina sukari, haina tui, haina iliki. Nje inavunjika kwa mlio, ndani ni matundu makubwa matupu. Wachina wa kaskazini, wa kati na wa kusini wote wanaila, kila mtu na mshirika wake: kusini, Guangzhou na Hong Kong, huiloweka kwenye uji wa mchele, Tianjin huikunja ndani ya chapati nyembamba yenye yai, Shanghai huila na maziwa ya soya ya moto.

Mimi nilikwenda Shanghai mwanzoni mwa miaka ya 80, kijana wa Tanga niliyetumwa kusomea ufundi wa nguo. Wakati ule jambo hilo halikuhitaji maelezo. Nchi ilikuwa na pamba, na pale Ubungo palikuwa na kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi mwaka 1968. Kilichopungua ni mafundi. Na Shanghai ndiyo iliyokuwa mama wa viwanda vya nguo vya Uchina, mji wenye wafumaji na wasokotaji wa nyuzi zaidi ya nusu milioni. Kabla ya alfajiri ungewaona wakitoka zamu ya usiku, wengine wakiingia ya asubuhi, na makundi yote mawili yakikutana kwenye foleni ya youtiao.

Duka lilikuwa mali ya umma, na lilikuwa na foleni mbili. Ya kwanza ulilipa fedha na kuponi ukapewa vijiti vya mwanzi, kila rangi na bidhaa yake. Ya pili ulimkabidhi mpishi vijiti vyako ukangoja. Hapakuwa na mfuko wala karatasi ya kufungia. Aliyetaka maziwa ya soya alikuja na chupa ya chai au sufuria yake. Aliyetaka youtiao nyingi alikuja na kijiti cha kulia, akazitunga humo, akarudi nazo nyumbani zikining’inia. Watoto ndio waliotumwa zaidi, na sweta zao zilikuwa na alama ya mafuta kwenye mkono mmoja.

Jiko la makaa ya mawe lilikuwa karibu na mlango, ili moshi utoke na watu wazione kazi za mikono. Wapishi wote tuliwaita Shifu, heshima apewayo fundi. Shifu wa pale alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, na mbele yake palikuwa na meza ndefu iliyopakwa mafuta. Alilivuta donge la unga likawa ukanda mrefu, akaukatakata vipande vya upana wa vidole viwili, akapandanisha kipande juu ya kipande, akavikandamiza katikati kwa kijiti chembamba. Kisha alishika ncha mbili, akavuta, akaizungusha kidogo hewani, akailaza kwenye karai. Mafuta yaliipokea kwa kelele. Mwenzake aliyesimama upande wa pili aliigeuza na kuigeuza kwa vijiti virefu vya mianzi, na unga uliokuwa mwembamba ukafura mbele ya macho yetu mara tatu nne ya unene wake.

Siri ya vipande viwili nilielezwa na Shifu mwenyewe, na baadaye nikaithibitisha kwa akili ya darasani. Kipande kimoja kikitumbukizwa peke yake kwenye mafuta ya moto hukauka ngozi pande zote kabla hakijafura. Vikiwa viwili vimeshikana, pale vinapogusana mafuta hayafiki, unga unabaki laini, mvuke na gesi vinapata mahali pa kusukumia. Siri ya pili ilikuwa kwenye unga. Mapishi ya zamani hayakutumia hamira. Yalitumia shabu, magadi na chumvi. Shabu ile ile ambayo vinyozi wa kwetu hupaka kidevuni, na ambayo bibi zetu walisafishia maji ya kisima, ikikutana na magadi hutoa gesi, na gesi ndiyo inayojaza youtiao matundu. Shabu ikizidi, kinywa kinakauka na ulimi unakunjamana. Magadi yakizidi, unga unakuwa wa manjano na unanuka. Shifu hakupima kwa mizani. Alionja, akaongeza chumvi majira ya joto, akapunguza majira ya baridi, kisha akaukunja na kuukanda, akaulaza, akaukunja tena. Donge la asubuhi lilikandwa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kwangu mimi palikuwa na sababu nyingine ya kuipenda. Mwislamu katika mji ule alikula kwa tahadhari. Mkate uliouzwa kando ya youtiao, ule wa kuoka wanaouita dabing, mara nyingi ulipakwa mafuta ya nguruwe. Youtiao ilikaangwa kwa mafuta ya mbegu, na kila mtu aliliona karai. Nilimwuliza Shifu hata hivyo. Hakuchukia, alinyanyua dumu akaninusisha. Ijumaa, tulipokwenda kuswali msikiti wa Xiaotaoyuan katika mji mkongwe, tuliwakuta Waislamu wa Kichina, Wahui, ambao kwao kukaanga unga ni jambo la heshima: sikukuu hukaanga maandazi bapa yaitwayo youxiang, wakagawia ndugu na majirani. Hapo ndipo nilipoacha kujiona mgeni mbele ya karai la Shanghai.

Kila Mchina atakusimulia youtiao ilikotoka. Katika enzi ya Song ya kusini aliishi jemadari Yue Fei, aliyepigana kuirudisha kaskazini ya nchi iliyotekwa. Waziri Qin Hui, kwa shauri la mkewe, alimzulia uhaini, na Yue Fei akauawa mwaka 1142 huko Hangzhou, uliokuwa mji mkuu. Hadithi inasema mwuza chakula wa Hangzhou, asiyethubutu kusema, aliwafinyanga waziri na mkewe kwa unga, akawabana mgongo kwa mgongo, akawatupa kwenye mafuta, na watu wakapanga foleni kuwatafuna. Vyakula vya unga wa kukaanga vilikuwapo Uchina karne nyingi kabla ya hapo, kwa hiyo historia na hadithi hazilingani. Lakini sanamu zipo. Kando ya Ziwa la Magharibi, mbele ya kaburi la Yue Fei, Qin Hui na mkewe wamepigishwa magoti kwa chuma, na vizazi vya wageni waliwatemea mate. Siku hizi tangazo linakataza. Hasira ya karne nane imewekewa masharti ya usafi, nayo ni hatima ile ile iliyolikuta karai la Shifu.

Umaskini wa wakati ule nisiufunike. Youtiao moja haikuwa ya mtu mmoja. Mwenzangu wa chuo alinialika kwao, chumba kimoja katika nyumba ya kichochoro, familia tatu zikigombea jiko moja ngazini. Asubuhi mama yake alimwagia maji ya moto kiporo cha wali, akachukua mkasi, akaikata youtiao vipande vidogo kwenye kisahani cha mchuzi wa soya. Kila mtu alichovya kipande, akala na wali wa maji. Ilikuwa youtiao moja kwa watu wazima watatu na mtoto, pamoja na mgeni kutoka Afrika ambaye alikatiwa ncha iliyokauka vizuri kuliko zote. Mtoto alipokuwa na mtihani, hesabu ilibadilika: youtiao nzima ikasimamishwa kando ya mayai mawili, ili zionekane moja na sifuri mbili, alama 100.

Na kichochoro chenyewe hakikuwa picha ya kalenda. Nyumba nyingi hazikuwa na choo. Mkokoteni wa uchafu ulipita alfajiri, akina mama wakatoa ndoo za mbao na kuzisugua kwa brashi za mianzi, huku hatua chache mbele Shifu akikaanga. Harufu zote mbili ziliingia dirishani pamoja. Wanaoikumbuka ya karai peke yake, na nimewasikia wengi, kumbukumbu zao zimekwisha chujwa.

Nilimaliza masomo nikarudi nyumbani. Miaka ya 90 iliyofuata ilikuwa mibaya kwa watu wa fani yangu, huku na huko. Kwetu viwanda vingi vya nguo vya umma vilifungwa au vikauzwa. Shanghai, ambayo tuliidhani haitikisiki, ilifunga viwanda vyake vya nguo kimoja baada ya kingine, mamia ya maelfu ya wafanyakazi wakapewa barua za kupumzishwa. Pudong, iliyokuwa mashamba na maghala ng’ambo ya mto, ilitangazwa mwaka 1990 kuwa eneo la maendeleo, na mwaka 1994 mnara wa televisheni ukasimama pale. Vichochoro vilianza kubomolewa mtaa kwa mtaa. Wakazi walihamishiwa maghorofa ya pembezoni, yenye vyoo, bafu na gesi, na wengi walihama kwa furaha. Aliyewahi kubeba ndoo ya mbao alfajiri hawezi kulaumiwa.

Niliporudi kwa shughuli za biashara ya vitambaa, kuponi zilikuwa zimefutwa na duka la foleni mbili halikuwapo. Lakini youtiao zilikuwa zimejaa mitaani kuliko zamani, na waliozikaanga ndio walionishangaza. Wengi walikuwa wafumaji wa jana. Mama mmoja, aliyekuwa na karai chini ya ngazi za daraja, aliponisikia nikitaja mashine za kufumia aliacha vijiti vyake hewani. Alikuwa amefanya kazi kiwandani tangu ujana, na viganja vyake alivionyesha kama cheti. “Kiwandani nilikuwa na zamu,” aliniambia. “Hapa sina zamu, nina usiku tu.” Alikanda unga saa tano, akalala, akaamka saa nane, akawasha jiko saa tisa. Alipomaliza kuuza, watu wengine walikuwa ndio kwanza wanafika ofisini.

Hapo nikaanza kuitazama upya ile fen 4 ya zamani. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu serikali ilipanga bei ya unga, na kwa sababu Shifu alilipwa mshahara mdogo, auze mia au auze elfu. Mama wa chini ya daraja hakuwa na mshahara, lakini bei yake nayo ilibidi iwe ndogo, kwa kuwa wateja wake walikuwa wamepoteza kazi kama yeye. Katika zama zote mbili kulikuwa na mtu anayefidia tofauti kwa usingizi wake. Sisi tulikula, tukasema rahisi.

Baada ya mama yule walikuja wahamiaji, hasa kutoka vijiji vya mkoa wa Anhui, mume anavuta unga na mke anageuza karai. Na pamoja nao ikaja hofu. Magazeti yalianza kuandika juu ya mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi hadi yakawa meusi, na mafuta yaliyokusanywa kwenye mitaro ya mikahawa, yakachujwa, yakauzwa tena. Ikaandikwa pia juu ya shabu, kwamba inaacha alumini kwenye chakula, na alumini nyingi haifai mwilini. Mwaka 2014 serikali ilibana matumizi ya shabu katika vyakula vya unga. Vya kukaangwa viliachiwa, lakini kwa kikomo cha miligramu 100 za alumini kwa kilo. Tayari mwaka 2012 kijana mmoja wa mji wa Baoding, msomi wa chuo, alikuwa amepata umaarufu wa nchi nzima kwa jambo moja tu: alibadili mafuta kila siku na akamwekea mteja upawa wa kuyakagua mwenyewe. Taifa lililojaa maghorofa lilimshangilia mtu kwa kutorudia mafuta. Furaha ile ilikuwa na uchungu ndani yake.

Makampuni nayo yaliona nafasi. KFC, iliyofungua mkahawa wake wa kwanza wa Uchina mjini Beijing mwaka 1987, ilianza kuuza youtiao mwaka 2008, isiyo na shabu, na ikaipa jina la kumtoa mlaji wasiwasi. Viwanda vikajifunza kuikaanga nusu, kuigandisha na kuisambaza kwa malori, hata mkahawa usio na mtu ajuaye kukanda ukaweza kuiuza. Mji, kwa upande wake, ukawaondoa wauzaji wasio na leseni barabarani. Pale Xintiandi nyumba za kichochoro zilizosalia zilikarabatiwa zikafunguliwa mwaka 2001 kuwa mahali pa matembezi, kahawa na mvinyo. Mawe ni yale yale, wapishi wa alfajiri hawapo.

Mara ya mwisho nilipokuwa Shanghai nilikula youtiao mkahawani, ndani ya kiyoyozi, nikalipia kwa simu. Ilikuwa safi. Zote zilikuwa za urefu mmoja na rangi moja, na tumbo halikunisumbua. Sikusikia chumvi ya Shifu iliyopanda na kushuka kwa majira. Kijana aliyenihudumia hakuwa ameikanda wala kuikaanga; aliitoa kwenye friza akaipasha moto kwenye mafuta kwa dakika chache. Nilimwuliza nani ametengeneza. Akasema, “Kampuni.” Alikuwa anatabasamu, ametosheka na usingizi, na saa zake za kazi zilibandikwa ukutani. Sikuwa na haki ya kumtakia maisha ya mama wa chini ya daraja ili mimi nipate ladha ya ujanani.

Hukumu yangu basi ni hii. Waliotunga sheria ya alumini walifanya vyema, na waliovunja nyumba zisizo na vyoo hawakukosea kuwatakia watu vyoo. Kosa ni letu sisi wapenzi wa vya zamani, tuliotaka mkono wa fundi kwa bei ya kuponi. Tulivutana na mama kwa senti, tukaenda kulipa mara kadhaa ya bei hiyo kwa kahawa, na alipofunga karai tukaandika kumbukumbu. Ufundi ule haukufa kwa kusahaulika, kwa kuwa mapishi yake yanajulikana hadi leo. Ulikufa kwa sababu hakuna mtoto aliyemwona mama yake akiamka saa nane usiku kwa faida ile, akatamani kumrithi.

Hata hivyo, wapishi wachache wa namna ile bado wapo. Siku hizi Watanzania, Wakenya na Wakongomani wanakwenda Guangzhou na Yiwu kununua bidhaa kwa wingi kuliko sisi wanafunzi tulivyowahi kwenda kusoma. Wewe uendaye huko, usiishie kwenye kifungua kinywa cha hoteli. Toka kabla jua halijapanda, tafuta karai linalotokota mbele ya macho yako, tazama rangi ya mafuta, uliza kama yana nguruwe, kisha umwite mpishi Shifu. Akikutajia bei, mlipe kama alivyosema. Ujuzi wa kupunguza bei uweke akiba kwa ajili ya wenye maghala.